VirtualBox Inapogoma Kwenye Linux: Dalili, Sababu na Marekebisho

VirtualBox hukuwezesha kuendesha Windows, au Linux nyingine, ndani ya dirisha (yaani mashine pepe) kwenye kompyuta yako ya Linux bila kuugusa mfumo uliopo. Mwanafunzi anaihitaji kwa mazoezi ya mitandao, mhasibu anaihitaji kwa ile programu moja ya Windows asiyoweza kuiacha. Mambo yakikubali, kuisakinisha ni kazi ya dakika chache. Yakikataa, wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya, na wengine hufika hadi kufuta Linux nzima. Usifanye hivyo. Kufuta na kurudia hakuponyi karibu lolote kati ya matatizo yaliyomo humu, kwa sababu chanzo chake kwa kawaida hakimo ndani ya VirtualBox. Kimo kwenye kerneli (kiini cha Linux), kwenye BIOS (programu inayoamsha kompyuta), au kwenye orodha ya hazina ambako kompyuta inachukua programu. Ujumbe wa hitilafu karibu kila mara unaonyesha ni wapi, ukisomwa hadi mwisho.

Maelezo haya ni ya Ubuntu, Linux Mint na Debian, ambazo wengi wetu tunazitumia. Kabla ya kugusa chochote, fungua terminali, andika amri hizi sita na uyaweke majibu yake kando:

    uname -r
    cat /etc/os-release
    lscpu | grep Virtualization
    mokutil --sb-state
    df -h
    free -h

Ya kwanza inataja toleo la kerneli inayofanya kazi sasa hivi. Ya pili inataja mfumo wako, ya tatu uwezo wa prosesa, ya nne hali ya Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka), na mbili za mwisho nafasi ya diski na RAM. Ukienda kuomba msaada kwa fundi au kwenye kundi la WhatsApp bila majibu haya, anayekusaidia atakuwa anabahatisha.

Dalili: apt (amri ya kusakinisha programu) inakataa kusakinisha

Anza na tarehe. Andika `date`. Laptop nyingi zinazouzwa zikiwa zimeshatumika huja na betri ndogo ya BIOS iliyokufa, na kila zikizimwa saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Hapo apt husema `Release file is not valid yet`, au vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, na mtu anadhani mtandao ni mbovu. Unganisha intaneti, andika `sudo timedatectl set-ntp true`, subiri saa ijirekebishe, kisha rudia `sudo apt update`. Ikumbuke betri hiyo, tutairudia kwenye suala la BIOS.

Ukiona `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, kuna programu nyingine inasakinisha, na mara nyingi ni masasisho ya Ubuntu yanayojiendesha yenyewe baada ya kompyuta kuwaka. Subiri imalize. Ushauri wa kufuta faili hilo la kufuli umeenea mno na ni wa hatari: ukilifuta wakati kazi inaendelea unaweza kuharibu kumbukumbu ya vifurushi vyote vya mfumo. Kama umeme ulikatika katikati ya usakinishaji, dawa ni hizi mbili kwa mpangilio huu:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt --fix-broken install

`Unable to locate package virtualbox` ina sababu zake. Kwenye Ubuntu, hazina ya multiverse imezimwa. Iwashe kwa `sudo add-apt-repository multiverse`, kisha `sudo apt update`. Kwenye Debian thabiti, kifurushi hicho hakimo kabisa kwenye hazina zake, kwa hiyo utakichukua kwa Oracle, wamiliki wa VirtualBox tangu walipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010. Kwa Oracle jina la kifurushi huwa na namba ya toleo, kwa mfano `virtualbox-7.1`. Ukiandika `virtualbox` peke yake hutakipata.

Watumiaji wa Linux Mint wana tatizo lao, na ni la kawaida sana. Miongozo mingi inakwambia uweke jina la toleo lako kwa `lsb_release -cs`. Mint inajibu kwa jina lake yenyewe, mathalani `wilma`, na hazina ya Oracle hailijui jina hilo, ndipo unapata `does not have a Release file`. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na jina linalotakiwa ni la Ubuntu: `jammy` kwa Mint 21, `noble` kwa Mint 22. Limo kwenye jibu la amri ya pili hapo juu, mstari wa `UBUNTU_CODENAME`. Fungua faili la hazina lililomo `/etc/apt/sources.list.d/`, badilisha neno hilo moja, kisha apt update tena.

Ikiwa malalamiko ni `NO_PUBKEY`, ufunguo wa Oracle haujawekwa au umewekwa mahali sipo. Uchukue upya:

    wget -O- https://www.virtualbox.org/download/oracle_vbox_2016.asc | sudo gpg --yes --output /usr/share/keyrings/oracle-virtualbox-2016.gpg --dearmor

kisha hakikisha mstari wa hazina una `signed-by=/usr/share/keyrings/oracle-virtualbox-2016.gpg`.

Jambo la mwisho hapa: chagua chanzo kimoja. Kifurushi cha Ubuntu na kile cha Oracle havikai pamoja, na ukichanganya vyote viwili utapata mgongano wa vifurushi. Kwa anayeanza na yuko Ubuntu, ningechukua cha Ubuntu. Kinaweza kuwa toleo la nyuma kidogo, lakini kimejaribiwa pamoja na kerneli yake.

Dalili: imesakinika, lakini mashine pepe haiwaki na unaona rc=-1908

Hili ndilo tatizo mama. Ujumbe ni `Kernel driver not installed (rc=-1908)`. VirtualBox inahitaji moduli iitwayo vboxdrv ndani ya kerneli. Moduli hiyo haiji tayari pamoja na kerneli. Inajengwa kwenye kompyuta yako, kwa kerneli uliyonayo, na kila kerneli ikibadilika lazima ijengwe upya. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi vizuri jana inagoma leo asubuhi baada ya masasisho ya usiku.

Soma mwisho wa ujumbe. Kifurushi cha Oracle kinakwambia utumie `/sbin/vboxconfig`. Cha Ubuntu kinakwambia usakinishe `virtualbox-dkms` na kuita `modprobe vboxdrv`. Watu wengi wenye kifurushi cha Ubuntu hunakili amri ya vboxconfig kutoka mtandaoni na kujibiwa `command not found`. Hakuna kilichoharibika, wametumia tu dawa ya kifurushi kingine.

Sasa iulize kerneli yenyewe:

    sudo modprobe vboxdrv

Ikikaa kimya, moduli imeingia na unaweza kuwasha mashine yako. La sivyo, jibu lake litakupeleka kwenye moja ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni `Module vboxdrv not found in directory /lib/modules/...`. Moduli haijajengwa. Sababu inayoongoza ni kukosekana kwa heda za kerneli, yaani mafaili ambayo moduli hujengwa kwa kuyafuata. Lakini washa upya kompyuta kwanza. Kama kerneli mpya imeingia na bado unaendesha ya zamani, heda ulizonazo zinaweza kuwa za ile mpya, na heda za ile unayoiendesha huenda zimeshaondolewa kwenye hazina. Ikishawaka:

    sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Ili usirudi hapa kila mwezi, sakinisha pia kifurushi kinachofuata masasisho: `linux-headers-generic` kwa Ubuntu na Mint, `linux-headers-amd64` kwa Debian. Anayetumia kerneli za HWE za Ubuntu (kerneli mpya zaidi kwa matoleo ya muda mrefu) achukue `linux-headers-generic-hwe-24.04` au `-22.04` kulingana na toleo lake. Baada ya hapo jenga moduli: `sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms` kwa kifurushi cha Ubuntu, `sudo /sbin/vboxconfig` kwa cha Oracle.

Heda zipo na bado haijengeki? Fungua kumbukumbu ya ujenzi. Kwa Oracle ni `/var/log/vbox-setup.log`. Kwa Ubuntu ni faili `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/virtualbox/`. Usihangaike na mistari yote, tafuta neno `error` la kwanza kabisa, maana yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Kwenye Ubuntu 22.04 na Mint 21 kosa linaloripotiwa sana ni hili:

    gcc: error: unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'

Linatisha kulitazama, ila maana yake ni nyepesi: kerneli mpya ya HWE ilitengenezwa kwa gcc toleo la 12, na kompyuta yako ina la 11. `sudo apt install gcc-12`, jenga tena, basi.

Makosa mengine ya ujenzi kwa kawaida yanamaanisha kwamba VirtualBox yako ni ya zamani kuliko kerneli. Chukua toleo jipya zaidi. Kama una kazi ya haraka, washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) chagua Advanced options na uingie kwenye kerneli ya nyuma. Moduli ya kerneli hiyo mara nyingi bado ipo.

Njia ya pili ni `Key was rejected by service`, au kwa mifumo ya zamani kidogo `Required key not available`. Hapa moduli imejengwa vizuri, ila Secure Boot inaikataa kwa sababu haina saini inayoitambua. Ubuntu hutia saini yenyewe kwa ufunguo ulioutengeneza kwenye kompyuta yako, lakini ufunguo huo lazima uuidhinishe wewe mwenyewe, kwa mkono, kompyuta inapowaka.

Wengi hukwama hapa. Wakati wa kusakinisha uliulizwa nenosiri, ukaandika lolote ukaendelea. Ulipowasha upya, skrini ya bluu ilijitokeza, ikakaa sekunde kumi hivi, na kwa kuwa hukugusa kitu mfumo ukaendelea kuwaka, ombi likapotea. Lianzishe tena:

    sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Weka nenosiri fupi la herufi na tarakimu tupu, maana skrini ile hutumia mpangilio wa kibodi ya Marekani na alama maalum zinaweza kutoka tofauti. Washa upya na ukae mbele ya kompyuta. Skrini ya bluu ikija, bonyeza kitufe chochote mara moja, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika nenosiri (halitaonekana unapoliandika), halafu Reboot. Ukirudi, `sudo modprobe vboxdrv` itakaa kimya.

Wapo wanaoona ni rahisi kuzima Secure Boot kwenye BIOS. Kwenye laptop yako binafsi yenye Linux tu, ni uamuzi wako. Lakini kama kompyuta ina Windows pia, simama. Windows nyingi siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, wakati mwingine mwenyewe hana habari. Kubadili Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili yako hayafunguki, hata kwa fundi. Utafute ufunguo kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Kama kompyuta ni ya kazini au ya chuo, usiguse, mwachie msimamizi wa mifumo.

Wa Fedora: mantiki ni ile ile, ila vifurushi ni `kernel-devel` na `akmod-VirtualBox` kutoka hazina ya RPM Fusion.

Dalili: VT-x au AMD-V imezimwa, au orodha inakuonyesha mifumo ya biti 32 tu

Majina ya hitilafu ni `VERR_VMX_NO_VMX`, `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED`, na kwa AMD `VERR_SVM_DISABLED`. Mara nyingi sana maana yake ni moja: swichi ya virtualization (msaada wa prosesa kwa mashine pepe) haijawashwa kwenye BIOS. Tangu toleo la 6.1 VirtualBox haiendeshi mashine yoyote bila msaada huo wa prosesa.

Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha BIOS: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, Del kwa kompyuta nyingi za mezani. Tafuta Intel Virtualization Technology au VT-x. Inaweza kuwa chini ya Advanced, Security au System Configuration. Kwa AMD inaitwa SVM Mode. Iwashe, hifadhi, kisha uizime kompyuta kabisa kabla ya kuiwasha. Kuna mashine ambazo badiliko hili halishiki kwa kuriboot tu.

Ukiona swichi inajizima yenyewe kila baada ya siku chache, rudi kwenye ile betri ya BIOS. Kwenye mashine nyingi za zamani, betri ikifa na umeme ukaondoka, mipangilio yote inarudi ilivyotoka kiwandani na VT-x inazimika. Ukiona tarehe mbovu na VT-x inayopotea kwa pamoja, karibu hakika ni betri. Kwenye kompyuta ya mezani, mtu makini anaweza kuibadilisha mwenyewe umeme ukiwa umechomolewa. Laptop mpelekee fundi, kwa sababu betri mara nyingi iko chini ya kibodi au imeunganishwa kwa waya mwembamba unaokatika upesi.

Na kama BIOS ina nenosiri usilolijua, acha hapo. Usibahatishe, mashine nyingine hujifunga baada ya majaribio machache. Usikubali pia anayekwambia tatizo hili linaisha kwa kubadilisha programu ya BIOS nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza isiwake tena.

Kuna hitilafu inayofanana na hii lakini ni kinyume chake: `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`, au kwa AMD `VERR_SVM_IN_USE`. Hapa uwezo umewashwa, ila umeshikwa na mwingine, na huyo ni KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya kerneli ya Linux. Funga kwanza emuleta ya Android, GNOME Boxes au mashine pepe nyingine yoyote. Ikiwa hakuna hata moja iliyofunguliwa na bado inagoma, angalia kerneli yako. Kuanzia toleo la 6.12, KVM hujishikia uwezo huo mara inapopakiwa, hata kama hakuna anayeitumia. Ijaribu kwa muda:

    sudo modprobe -r kvm_intel

(kwa AMD ni `kvm_amd`). Ikifanya kazi, iwe ya kudumu: kwenye `/etc/default/grub` ongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` ndani ya mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya.

Mtu akifika hapa akiwa amechoka, namshauri aitazame hiyo KVM kwa macho mengine. Imo ndani ya kerneli tangu mwaka 2007, haina moduli ya kujengwa kila sasisho, wala Secure Boot haigombani nayo. `sudo apt install virt-manager` inakupa dirisha la kuiendesha. Kama unachotaka ni mashine pepe moja au mbili za kujifunzia na hulazimiki kutumia VirtualBox, utapata usumbufu mdogo zaidi.

Dalili: mashine pepe inawaka, lakini mfumo hausakiniki au unatambaa

Kisakinishi kikikwama katikati au kikilalamikia faili bovu, shuku ISO, yaani faili la usakinishaji ulilolishusha. Faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, na likishushwa kwa bando linalokatikakatika huwa linafika pungufu. Andika `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili, ulinganishe jibu na namba iliyochapishwa kwenye ukurasa ulikolishusha. Herufi moja ikitofautiana, lishushe upya.

Uzito mara nyingi ni RAM. Laptop ya GB 4 haiwezi kubeba Linux yake na Windows 11 ndani, maana Windows 11 peke yake inadai GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0. Kwenye mashine hiyo weka Linux nyepesi kama Lubuntu au Xfce, uipe GB 1.5 hadi 2. Unapoburuta kipimo cha RAM, VirtualBox inakuonyesha rangi ya kijani na nyekundu. Baki kwenye kijani. Fanya vivyo hivyo kwa prosesa, usimpe mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) zaidi ya nusu ya ulizonazo. Kama diski yako bado ni ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD kutasaidia kuliko mpangilio wowote ninaoweza kukutajia.

Skrini ndogo isiyopanuka na panya inayosuasua humaanisha Guest Additions, programu za ziada za VirtualBox, hazijawekwa. Zinasakinishwa ndani ya mgeni, kutoka menyu ya Devices. Mgeni akiwa Linux, naye anahitaji heda na build-essential kama tulivyofanya nje. Folda ya pamoja ikisema huna ruhusa, andika ndani ya mgeni `sudo usermod -aG vboxsf $USER`, utoke na uingie tena.

Dalili: flashi au modemu ya USB haionekani

Mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la vboxusers. `sudo usermod -aG vboxusers $USER`, kisha toka kabisa kwenye akaunti na uingie tena. Kufunga dirisha la VirtualBox hakutoshi. Thibitisha kwa `id -nG`. Wenye toleo la 6.1 wanahitaji pia Extension Pack ili kupata USB 2.0 na 3.0, ilhali kuanzia 7.0 zimo tayari. Kabla ya kuisakinisha ofisini, soma leseni yake. VirtualBox yenyewe ni huru, lakini Extension Pack ni ya bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu tu. Kampuni inapaswa kuilipia.

Dalili: mashine pepe inasimama ghafla ikiwa kazini

Ujumbe ukitaja `disk full`, diski ya kompyuta yako halisi ndiyo iliyojaa, si ile ya mashine pepe. Faili la VDI, ambalo ndilo diski ya mashine pepe, huanza dogo na kukua kadiri mgeni anavyoandika, hivyo GB 50 ulizompa hazikutengwa bado. Futa vitu kwenye kompyuta halisi, kisha uendelee kutoka pale iliposimama. Kama VDI iko kwenye diski ya nje ya FAT32, itakwama ikifika GB 4 hata nafasi ikiwepo tele. Ihamishie kwenye ext4.

Ikisimama bila ujumbe wa kujaa, angalia `sudo dmesg | tail -50`. `Out of memory` ni RAM, punguza uliyompa mgeni. Ukiona `I/O error` ikifuatana na jina la diski kama sda, funga kila kitu. Diski yenyewe inakufa. Usijaribu kuirekebisha kwa amri, usiiwashe na kuizima mara kwa mara. Nakili mafaili muhimu kwenda diski nyingine, ya muhimu kabisa kwanza, na kama hayanakiliki izime na uipeleke kwa fundi wa kuokoa data kabla hujaendelea na lolote la VirtualBox.